Mwanangu Alipoanza Kusema Tena

Mwanangu alikuwa na miaka mitano tulipovuka kutoka Kongo, na kwa miezi minane baada ya hapo hakusema neno hata moja.

Hakuzaliwa hivyo. Kule kwetu, upande wa Pweto, alikuwa mtoto wa kuongea mpaka watu wakachoka. Alizungumza na kuku, alizungumza na sufuria. Siku tuliyokimbia vita, baba yake alimbeba mabegani hadi njia panda, kisha akamshusha. Baba mkwe wangu alikuwa hawezi kutembea, na mume wangu alitaka kurudi kumchukua. "Tangulieni," aliniambia. "Siku mbili tu, nitawakuta." Mtoto akamwita mara moja, "Baba," bila kulia. Halafu akanyamaza, na tukatembea.

Tuliingia Zambia kwa njia ya Puta, na baadaye tukapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, mbali kidogo na ziwa la mpakani, katika wilaya ya Nchelenge. Tulipewa turubai, jembe na kipande cha shamba. Mwezi wa nne tangu tuvuke, mtu wa kijiji chetu alifika na kundi lingine akanitafuta. Alisimama mbele yangu kofia mkononi, nami nikajua kabla hajafungua kinywa. Mume wangu alikuwa amezikwa siku moja na baba yake.

Sikumwambia mtoto. Nilijiambia nitamwambia akianza kusema.

Kazi yangu kule nyumbani ilikuwa kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Kwetu mwalimu wa kike anaitwa metresi, na nilikuwa metresi anayejulikana. Wazazi walinipelekea watoto wagumu, wenye kigugumizi, wenye haya, na wote walitoka kwangu wakisoma kwa sauti. Kwa hiyo nilipoona mwanangu amenyamaza, niliogopa, ndiyo, lakini moyoni nilisema hii ni kazi ninayoiweza.

Kila asubuhi nilimketisha mbele ya turubai nikachora ardhini kwa kijiti: nyumba, kuku, maji. Nilitamka neno, nikangoja. Aliniangalia mdomo kwa makini, kama mtu anayeangalia mvua. Zahanati walimpima masikio wakasema ni mazima. Kanisani akina mama walimwekea mikono. Mimi pia nilisali, ila nikikumbuka sala zangu za wakati ule naona haya. Nilikuwa nikimpangia Mungu kazi. Wiki hii neno moja. Wiki ijayo mawili. Aanze na "mama".

Nilikuwa nauza sombe sokoni Nchelenge, majani ya muhogo niliyotwanga mwenyewe. Karibu na mahali pangu alikaa mama mmoja Mzambia, mwenye umri mkubwa kuliko mimi, aliyekuwa akianika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa hili, kwenye mchanga wa ufuko uliopakana na soko. Kiswahili chake kilikuwa cha biashara tu, nami Kibemba nilikuwa sijui. Nilimwita bamayo, yaani mama kwa Kibemba, kama watu wote walivyomwita. Alikuwa hasemi mengi.

Siku moja pale sokoni mwanangu alinyoosha mkono kuomba mkate. Nikauinua juu nikamwambia, "Sema mukate." Akanyoosha mkono tena. "Sema mukate, nitakupa." Nilirudia mara nyingi sana, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, ya upole ambayo si upole. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote. Mkono hakuushusha.

Bamayo aliinuka kwenye samaki wake, akaja, akauchukua mkate kutoka mkononi mwangu na kumpa mtoto.

"Mama," aliniambia, "wacha mutoto akule."

"Mimi ni mama yake," nilijibu. "Najua namna ya kumusaidia."

"Unajua," alisema. Alirudi kwenye kazi yake.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Tulipofika nilimwona mwanangu akikunja kipande cha mkate alichobakiza na kukificha kwenye nguo yake, kama mtu asiyejua kama kesho atapewa. Hasira ikaniishia. Nilikaa chini pale mlangoni nikatambua kwamba mtoto wangu ameanza kuniogopa.

Wiki ileile nikapatwa na malaria, kali kuliko zote nilizowahi kuugua. Nilishindwa kusimama. Jirani mmoja wa makazi alipeleka habari sokoni, na kesho yake bamayo akaja kwa minibasi, akanitazama, akamtazama mtoto.

"Nitaenda naye ufukoni," alisema. "Ukipona, utakuja kumuchukua."

Nilitaka kukataa. Mtoto asiyesema, karibu na maji, na mtu nisiyemjua vizuri. Akipotea hataweza kusema anatoka wapi. Akianguka majini hataita. Nilifungua mdomo nikaona sina nguvu hata ya kubishana. Mwanangu mwenyewe alikwenda akashika kitambaa cha yule mama.

Walipoondoka nililia. Nilimlilia mume wangu, ambaye sikuwa nimemlilia bado kwa sababu kulikuwa na kazi. Halafu nikasali, na kwa mara ya kwanza tangu tuvuke sikuwa na orodha. Nilisema, "Mungu, mimi nimeshindwa. Nilidhani mutoto ni wangu. Ni wako. Akisema, akikosa kusema, umuangalie tu, maana mimi hapa hata maji siwezi kujitekea." Hakuna kilichotokea. Niliendelea kutetemeka kwa homa. Lakini nililala, na nilikuwa sijalala vizuri tangu ile njia panda.

Walikaa siku sita. Siku ya saba, mchana, niliwaona wakija njiani, mtoto mbele, miguu myeupe kwa vumbi. Alikuja mpaka nilipoketi, akanishika goti, akasema:

"Mayo, ndefwaya isabi."

Sikuelewa. Nilisikia sauti yake, nzito kidogo, kama kitu kilichokaa muda mrefu kwenye sanduku, na maneno sikuyaelewa hata moja. Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nilidhani ameugua, anaweweseka.

"Anasema nini?" nilimuuliza bamayo. "Mutoto wangu anasema nini?"

Bamayo alikuwa anacheka, na macho yake yamejaa maji. "Anasema, mama, nataka samaki. Alianza juzi. Alikuwa anacheza na watoto pale mchangani, wanahesabu, yeye akahesabu pamoja nao. Sikumuuliza kitu. Nilimupa samaki tu."

Mimi, metresi, nilikuwa nimeomba neno la Kiswahili. Nilikuwa hata nimemchagulia lipi. Na mwanangu alikuwa amepita mlango ambao sikujua kama upo, akiongozwa na watoto ambao hawakujua kwamba ana tatizo, katika lugha ambayo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kumwacha njiani. Hivyo ndivyo ninavyoielewa mimi. Siku ile sikuwaza yote hayo. Nilipika samaki.

Kwa wiki kadhaa alisema Kibemba tu. Nami nilijifunza nyuma yake, nikikosea, yeye akinisahihisha kwa uso mkali. Sikumwomba Kiswahili. Ilikuwa vigumu kuliko malaria, kutomwomba. Kila asubuhi mkono wangu ulitafuta kijiti, na kila asubuhi niliuambia moyo wangu, mwache, yuko na mwenyewe, Mungu.

Kiswahili kilirudi tukiwa tunachambua maharage, jua la saa tisa. Aliokota jiwe dogo, akalitupa, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama, baba hatakuya?"

Kwa miezi nilikuwa nimejiandaa kumfurahia siku atakaponisemesha kwa lugha yetu. Sasa siku ilikuwa imefika, na nilitamani anyamaze. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno mengi ya siku hii, baba amesafiri, baba anatulindia nyumba. Niliyatafuta yote nikaona kila moja ni uongo. Moyoni nilisema tu, "Nisaidie." Nikamvuta karibu.

"Hapana, mwanangu. Baba alikufa. Hatakuya."

Alifikiri. "Na tate?" Tate kwetu ni babu.

"Na tate pia. Walikuwa pamoja."

"Baba hakutuacha?"

"Hakutuacha. Alienda kumubeba baba yake, kama alivyokubeba wewe."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto, na watu wa jirani wakatoka kuona. Sikumbembeleza anyamaze. Nilimshika, nikalia naye. Machozi yalipokwisha aliomba maji, kwa Kiswahili, akanywa, akarudi kwenye maharage.

Sasa ana miaka tisa. Anasoma shule hapa, na watu wapya wakifika makazini humwita awatafsirie kwa Wazambia, Kiswahili huku, Kibemba kule. Bamayo alihamia Mununga kwa binti yake mwaka jana, na kila anapopita mtu wa huko hututumia salamu, nasi tunatuma sombe.

Sitasema kwamba mambo yote yamenyooka. Kaburi la mume wangu sijaliona. Muhogo wa mwaka huu una ugonjwa, majani yamejikunja, na sijui tutavuna nini. Juzi nilisimama katikati ya shamba nikajisikia nimeanza tena kupanga, kuhesabu siku, kumwelekeza Mungu aanzie upande gani. Nikatulia. Nikamwambia shamba ni lake, na mimi nitalima mistari miwili leo kwa sababu ndiyo ninayoiweza. Mwanangu alikuwa mstari wa tatu, anaimba kwa Kibemba, anakosea kupalilia. Nilimwacha.