Nilimuonea Wivu Mukimbizi

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimuonea wivu mwanamuke aliyelala chini ya bashi ya plastiki. Miye mwenye nyumba ya matofali hapa Bunia, mwenye bwana, mwenye kazi ya kufundisha segondari, nilimuonea wivu mukimbizi aliyetoka Djugu na nguo moja na mama yake muzee. Cheka kama unataka.

Yeye na miye tulikuwa wanawake wawili tu katika masomo ya masta, na profesa mumoja ndiye aliyesimamia memwari zetu, vile vitabu vya kumaliza masomo. Profesa mwenyewe alikaa Kisangani. Alikuja kwa ndege mara moja kwa mwaka, anafundisha juma mbili mbio mbio, anasoma kazi zetu, anarudi kwake. Asipokutilia sahihi katika hizo juma mbili, ungoje mwaka mwingine. Na miye nilishangoja mumoja. Kule shuleni prefe, mukubwa wa shule, alikuwa ameniahidi kiti cha kusimamia masomo yote nikileta diploma, lakini alishaanza kuchoka. "Madamu," ananiuliza mbele ya walimu, "hii masta yako ni mimba ya tembo?"

Sote wawili tuliandika juu ya wamama wa kambi ya wakimbizi: wanaishi namna gani, wanakula nini. Nilichapisha karatasi zangu za maswali, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikaenda. Wamama walinijibu haraka haraka: "Tunakosa bashi. Tunakosa sabuni. Watoto iko munane." Kila mumoja watoto munane! Hata yule aliyeolewa mwaka jana! Kumbe watu wa mashirika walishapita pale na karatasi mpaka wamama wakajua: ukiona karatasi, sema unachokosa. Profesa alisoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Madamu, hii ni ripoti ya shirika, ya ONG. Haiko memwari." Kisha akanisukumia kazi ya mwenzangu. "Soma hii. Huyu njo iko na tereni."

Tereni! Kujua watu mahali wanapoishi, njo tereni, na mwenzangu alilala ndani yake. Na kila mutu alimuhurumia. Mama wa bibliotheki, anayetunza vitabu vya chuo, alimuwekea kiti cha karibu na dirisha. Waasistanti walimuchapia kurasa zake. Miye nani alinichapia? Nani aliniuliza hata siku moja kama nimekula? Mungu anisamehe, ilifika nikasema moyoni: heri yeye, vita ilimupa kitu cha kuandika.

Nikaanza kuwaza kwamba anatunga. Haiwezekani wamama wale wale wamwambie yeye habari za kugombania moto wa kupikia na kugawana chumvi, halafu miye wanipe sabuni tu. Siku moja nilipanda moto kwenda kumukamata. Nyuma ya koti ya motari aliyenibeba kuliandikwa "Wenye wivu wajinyonge". Nikaona kama ni miye anayetukanwa, nikafyonza meno njia nzima.

Nilimukuta ameketi chini, anamenya mihogo na wamama. Hakuna karatasi, hakuna kalamu. Aliponiona aliruka kwa furaha. "Yaya, dada yangu mukubwa! Karibu! Wamama, huyu ni mukubwa wangu wa masomo. Ni mutu wetu." Basi, ni hayo tu aliyosema, na mambo yakageuka. Nilipewa kisu na beseni, nikamenya nao mpaka saa sita. Hakuna aliyenitajia watoto munane. Walicheka, walitukana waume zao, na mumoja akasema mihogo ile haikutoka kwa shirika lolote. Ilitoka katika mashamba yao wenyewe. Walikuwa wanarudi kule kwa kujificha, siku ambayo watu wenye bunduki wa kule wanashuka kutoza watu pesa sokoni. Alitaja siku. Alitaja kijito wanachofuata, na jiwe wanapotua mizigo. Mikono yangu ilimenya, lakini kichwa kilikuwa kinaandika.

Niliandika yote mchana mumoja, kurasa tano: kijito, siku, jiwe. Kesho yake profesa alisoma kurasa zile tano mpaka mwisho, akapiga meza. "Sasa umekuwa mutafiti!" Akatia sahihi. Nilitoka pale kichwa juu. Mwenzangu alikuwa bado anangoja zamu yake, na hilo lilinifurahisha kuliko sahihi yenyewe.

Kwetu, wanafunzi wa profesa mumoja husomeana kazi kabla ya kuziweka bibliotheki, ili makosa yasionekane na wageni. Nilimupa yangu kwa makusudi. Nilitaka imuume. Aliketi kwenye ngazi, akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Yaya, uliandika njia?"

"Kwani iko nini? Na weye ungeliandika kama ungewahi."

"Niliijua tangu mwaka jana," alisema polepole. "Mama yangu anapitaka pale. Hii kitabu itawekwa bibliotheki. Kila mutu anaingia, anasoma."

Angenitukana, ningejua la kufanya. Hakunitukana. Alinirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, akaenda zake kwa profesa, zamu yake ilikuwa imefika.

Nikajaribu kudanganya roho yangu. Nikasema nitalifuta jina la kijito. Lakini vijito vya kule watu wanavijua, na siku ya soko ni moja. Nikasema: ni nani anasomaka memwari? Halafu nikakumbuka kwamba miye mwenyewe nilisoma za watu kumi ili kuandika yangu.

Profesa alikuwa anafunga valizi nilipogonga mlango wake.

"Ninaomba zile kurasa tano nizitoe."

"Ukizitoa, inabaki ripoti."

"Najua."

"Basi na sahihi ninaifuta, madamu. Ndege yangu ni kesho asubuhi."

"Futa tu," nilisema, na sauti ilinitetemeka kwa hasira. Sikujua ninamukasirikia nani. Kiti cha shuleni kilipewa mwalimu mwingine kabla ya mvua kuanza.

Mwenzangu alitetea memwari yake mbele ya majaji wa chuo mwezi uliofuata. Nilienda. Nilitaka nimuone akikwama, nasema kweli. Na alikwama. Jaji mumoja alimuuliza: "Mashirika yasipoleta chakula miezi mitatu, hawa wamama wanakula nini?" Aliinua macho, hakunitazama miye wala mutu mwingine.

"Sijui, bwana profesa."

Jaji alitikisa kichwa, akaandika kitu, na wote tukajua pointi zimeondoka. Alitaka kufundisha pale chuoni, na kwa hiyo alihitaji pointi za juu. Kiti kile cha chuoni hakukipata. Alipotoka nje tulimumwagia pudre nyeupe kichwani kama desturi ya kumushangilia aliyemaliza, tukampigia vigelegele, na miye nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Diploma yake sikuionea wivu tena. Nilimuonea wivu kwa lile neno "sijui", alivyolisema bila kutetemeka. Miye, mbele ya watu wale, ningelisema yote.