Majina Matatu, Si Hiari

Mimi ndiye niliyeandika programu ya mapokezi ya zahanati moja binafsi pale Kirumba, na kwa muda mrefu niliisifu kuliko nilivyomsifu mke wangu. Kompyuta za zahanati zilikuwa kuukuu, haziwezi kubeba kitu kizito, kwa hiyo nilitengeneza ya maandishi matupu: skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna picha wala mausi. Mpokeaji anajaza kisanduku kimoja, anabonyeza Enter, kishale kinashuka kwenye kingine. Akikosea, programu inamkaripia.

Makaripio ndiyo niliyoyapenda zaidi. Wenzangu huandika "samahani, jaribu tena." Mimi niliona kumwomba mtu radhi kwa kosa lake mwenyewe ni kumdekeza. Ukiacha kisanduku cha jina kitupu, programu yangu ilisema: JINA LINATAKIWA. Ukiweka jina moja: MAJINA MATATU, SI HIARI. Ukiweka nyota au namba ili upite: ACHA UJANJA. Kitufe cha kutoka nilikiondoa kabisa, maana mpokeaji akichoka alikuwa anakimbilia hicho. Mkurugenzi alifurahi mno. Alisema sasa tuna mfumo, na tangu siku hiyo mtu hakutibiwa kwa sababu anaumwa, alitibiwa kwa sababu ameonekana kwenye mfumo.

Asubuhi moja mpokeaji alikwenda msibani Mabatini, nikaombwa nimshikie kiti. Nikawa naandikisha wagonjwa chapuchapu huku nikijionyesha. Ndipo bodaboda iliposimama mlangoni, akashuka mama mkwe wangu, amejitanda kitenge mpaka kichwani, anatetemeka kwa homa. Anaishi Pasiansi peke yake, na mke wangu siku hiyo alikuwa safarini Bukoba.

Sisi Wasukuma tuliolelewa kizamani, mkwe hatumtaji jina. Humpi mkono, humkazii macho, na mkikutana njiani unampisha. Nilichuchumaa nyuma ya kaunta nikamwamkia huku nikitazama ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, naye akitazama mlango. Akaketi kwenye benchi la mbali kabisa, meno yakigongana.

Nikarudi kwenye skrini. Kishale kilikuwa kinapepesa kwenye kisanduku cha jina.

Jina lake nalijua. Nililisikia siku ya posa na sijalisahau. Lakini kuandika ni kutaja kwa vidole, na vidole vilikataa. Nikajaribu kukiruka kisanduku: JINA LINATAKIWA. Nikaweka nyota: ACHA UJANJA. Nikaweka MAMA, nikaambiwa majina matatu si hiari. Nikatafuta kitufe cha kutoka, nikakumbuka ni nani aliyekiondoa.

Daktari akachungulia kutoka chumbani kwake, akamwona mama kwa macho yake mawili.

"Ana homa kali, daktari," nikamwambia. "Mchukue tu, nitamwandika baadaye."

"Hajaja kwenye mfumo," akasema, akafunga mlango.

Kwenye foleni alikuwepo mchuuzi wa samaki kutoka Mwaloni, kiganja amekifunga kitambaa baada ya kuchomwa na mwiba wa sato. Uvumilivu ulimwishia.

"We kijana, mama wa watu anaumia pale, wewe unapapasa vitufe tu! Kama kuandika hujui, sogea niandike mimi!"

Ningempa kiti palepale. Ila juu ya kichwa changu palikuwa na tangazo nililolibandika kwa mkono wangu, kwamba asiye mtumishi ni marufuku kugusa kibodi, na foleni nzima ilikuwa imeshaanza kulisoma kwa sauti.

Mama akateleza kidogo kwenye benchi, kichwa kikamwangukia begani. Hapo niliogopa kweli. Niliona nitamzika mzazi wa mke wangu kwa ajili ya kisanduku. Nikaandika maneno pekee ambayo vidole vilikubali kuyatamka: MAMA MKWE WANGU. Nikabonyeza Enter.

Programu ikakagua. Maneno matatu, herufi tupu, hakuna namba, hakuna nyota. Ule ukali wote uliowatoa wapokeaji jasho haukuona kasoro yoyote. Kishale kikashuka kwenye umri.

Punde mlango ukafunguliwa. Daktari, kijana wa Kihaya ambaye hata mchumba hana, akasoma skrini yake na kuita kwa sauti ya mamlaka, bila kufikiri: "Mama Mkwe Wangu!"

Foleni ikaangua kicheko, mchuuzi wa samaki akashika ubavu. Mama hakucheka. Alijiinua polepole, akakaza kitenge chake, akaingia. Hakuuliza anayeitwa ni nani.

Ilikuwa malaria, na alipona. Mke wangu ananiambia bahasha ya dawa yenye jina lile bado ipo kabatini kwa mama, pamoja na rozari yake, na wageni huonyeshwa.

Mkurugenzi naye ameligundua kwenye orodha ya wagonjwa. Kila mara ananiita ofisini akinidai nirekebishe, niweke jina halisi, majina yote matatu. Namsikiliza kwa heshima, kichwa nimeinamisha, kisha namjibu kama alivyotufundisha mwenyewe.

"Mfumo unakataa, bosi."