Nafasi za Fizikia Zilizojaa

Barua ya kuniita kidato cha tano ilifika Malaba pamoja na fomu ya kuchagua masomo matatu. Hesabu na jiografia niliyaandika siku hiyohiyo. La tatu lilinitoa jasho wiki mbili: fizikia au historia?

Fizikia sikuwahi kuisoma. Shule yetu, upande wa Amukura, haikuwa na maabara. Tulifundishwa sayansi ya jumla, yaani majina ya mifupa na faida za kuchemsha maji. Lakini baba, nyapara wa genge la reli, alikuwa ameshawatangazia watu wake kwamba mwanawe atakuwa injinia. Sikumkanusha. Nilipenda walivyonisalimu tangu siku hiyo.

Nikaazima kitabu cha fizikia kwa mwalimu. Sura ya kwanza, kuhusu nyenzo, niliisoma mara nne bila kuambulia kitu. Siku nilipompelekea baba chakula kazini nilikibeba kitabu pia, kwapani, mahali pa kuonekana.

"Ssebo," alisema mmoja wa genge, mtu wa Tororo, akiniita bwana kwa lugha ya kwao, "tusomee na sisi."

Nikawasomea, nikatafsiri kwa kubabaisha: nguvu, zidisha kwa umbali kutoka kwenye egemeo. Wakaendelea kutafuna. Baba akainuka, akaweka jiwe kando ya reli, akapitisha mtaimbo juu yake, ncha yake chini ya taruma, gogo linalobeba reli.

"Inua."

Nikashika karibu na jiwe, nikasukuma hadi macho yakanitoka. Taruma halikutikisika.

"Injinia anakamua ng'ombe," alisema yule wa Tororo. Wote wakacheka.

"Rudi nyuma," baba akasema. "Shika mwisho kabisa. Sasa ulalie."

Taruma likapanda, na reli juu yake, upana wa kidole.

"Si ndiyo hiyo iko kwa kitabu?"

Ilikuwa ndiyo hiyo hasa. Niliielewa papo hapo, na hapo ndipo aibu iliponishika: nimefundishwa na mtu asiyejua kusoma, mbele ya watu waliokuwa wakilamba vidole.

"Hapana, baba. Ya kitabu ni tofauti. Ni ngumu."

"Haya," akasema, akarudi kwa ugali wake.

Jioni niliandika historia, nikaituma fomu. Baba nilimwambia nafasi za fizikia zilijaa.

Baada ya wiki moja alivaa koti lake la reli, akasafiri bila kusema aendako. Aliporudi alisema, "Nimefika shuleni kwako. Ni kweli, zimejaa. Soma historia." Genge nalo aliliambia hivyo. Usiku ule nilikula vizuri sana.

Muhula ulipoanza, mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Wewe ndiye mtoto wa mzee wa reli? Alikuja kukuombea fizikia. Nilimwambia darasa lina watu sita na viti kumi na viwili, nikamwonyesha fomu yako. Akaniomba nimwonyeshe palipoandikwa historia. Alipatazama kwa muda, akasema una mwandiko mzuri." Akanisogezea fomu. "Bado unaweza kubadilisha."

Kubadilisha kungekuwa kukiri. Nikamwambia historia inanitosha.

Imenifikisha chuo kikuu, na mpaka leo nalipwa kueleza kwa nini watu wa zamani walidanganya. Lakini kila likizo nilipopita kwenye reli, genge liliacha kazi kunipa pole kwa zile nafasi zilizojaa. Baba alikuwa amesimama palepale, ameshika mtaimbo, akiangalia upande wa Uganda. Nami nilizipokea pole zote, moja baada ya nyingine, kwa mikono miwili.