Siku Nilipomzamisha Punda wa Udareda

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, uso huniwaka hata leo, na uzee wangu huu. Vuta kigoda ukae. Sitakuchelewesha sana, ingawa mtu mzima akianza habari zake hajui pa kusimama.

Nchi ilikuwa bado ya Mwingereza. Bwana mkubwa wa wilaya alikaa Mbulu mjini, kule juu kwenye baridi, na sisi wa Katesh hatukuwa na mji wa kuitwa mji. Maduka yalikuwa saba au manane, yamepangana kando ya barabara ya Singida, na lori likipita watu walitoka nje kulitazama. Moja ya maduka hayo lilikuwa la mume wangu, Jumanne. Tuliuza shuka, tumbaku, shanga na viberiti, lakini kilichotuweka mjini kilikuwa chumvi. Wakulima wa milimani, Wairaqw, walishuka siku ya mnada na mahindi na maharage yao, wakapanda kurudi na chumvi, ya kupikia na ya kulambwa na ng'ombe. Duka lisilo na chumvi walilipita kama kichaka.

Chumvi yenyewe haikutoka mbali. Ilitoka ziwa Balangida, huko chini ya Gendabi. Kiangazi kikikaza, maji ya ziwa hurudi katikati walipo ndege heroe, na pembeni hubaki ukoko mweupe unaoumiza macho. Watu huukwangua, huuanika, huubeba. Mvua ya kwanza ikinyesha, basi, mpaka mwaka mwingine.

Mwaka huo Jumanne alishikwa na homa wakati wa kukwangua. Wiki ya pili ikamkuta kitandani bado, na kule juu ya mlima Hanang mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Kondoa, niliyelelewa kwenye karanga na ulezi. Ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Hata hivyo nikamwambia mume wangu, "Nitakwenda mimi."

"Huijui Balangida, Zainabu."

"Wewe uliijua ulipozaliwa?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Nenda na Mwajuma. Mfikie kwa Mama Udareda. Atakalokwambia yule mama, lifuate."

Mwajuma alikuwa wifi yangu, mdogo wake Jumanne. Msichana mpole, wa maneno machache. Alikuwa amekulia pale pale na watoto wa wafugaji Wabarbaig, akijua maneno mengi ya lugha yao. Mimi nilimwona mzito. Ujana huo, mwanangu: mtu akinyamaza unadhani hana la kusema.

Udareda alikuwa mama wa Kibarbaig, mrefu, amevaa sketi yake ya ngozi, mikono imejaa bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Alikuwa rafiki wa marehemu mama mkwe wangu. Tulifika kwake jioni, tukampa shikamoo, akatupa maziwa kwenye kibuyu. Alfajiri akatutolea punda wake. Punda mmoja tu, jike la kijivu. Ng'ombe walikuwepo, ndiyo, lakini punda huyo ndiye aliyebeba maji ya boma zima kutoka chemchemi ya chini ya mteremko, nusu asubuhi kwenda na kurudi. Alituazima kwa siku moja.

"Huyu ni miguu yangu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini kila neno lilikaa mahali pake. "Kwenda, fuata kwato za ng'ombe. Kurudi, fuata kwato za ng'ombe. Hakuna kwato, usipite. Hata kama panang'aa."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Sikio lilisikia. Moyo ulikuwa umeshatangulia ziwani.

Tulikwangua tangu jua linachomoza. Mikono ilichanika, midomo ikapasuka. Mwajuma alifunga kitambaa usoni akafanya kazi bila neno. Ilipofika saa nane tulikuwa tumejaza soji, ile mifuko miwili ya ngozi inayoning'inia ubavuni mwa punda, na juu yake nikaongeza gunia. Mwajuma akasema, "Wifi, hilo gunia limezidi." Nikamwambia, "Punda hajalalamika."

Tukaanza kurudi. Njia ya kwato ilizunguka ghuba nzima ya ziwa, kama mtu anayezunguka uwanja badala ya kukatiza. Na hapo upepo ukaja na harufu ya mvua. Nilipogeuka, nusu ya Hanang ilikuwa imefunikwa. Nikawaza chumvi yangu ikiloa, nikamwaza Jumanne kitandani, nikawaza mnada wa keshokutwa. Mbele yangu ule weupe ulikuwa umenyooka mpaka ng'ambo, mkavu, safi, hauna hata unyayo.

"Tukatize," nikasema.

Mwajuma akasimama. "Hapana kwato pale."

"Hapana kwato kwa sababu ng'ombe hawana haraka. Tazama mvua!"

"Mama alisema..."

"Mwajuma, wewe ni mwoga. Ndiyo maana mpaka leo uko kwa kaka yako, hakuna aliyekuja kukuposa."

Hilo ndilo neno nililomwambia. Ningeweza kukusimulia kisa hiki bila kulitaja, na ungeniona mwema zaidi. Lakini nasaha ya kuficha ni kama dawa iliyoongezwa maji. Nilimwambia hivyo, nikamwona akiinamisha uso, nikamvuta punda kuingia kwenye weupe.

Hatua thelathini za kwanza ukoko ulilia chini yetu kama kigae. Hatua chache zaidi, punda akasita. Nikamchapa. Akapiga mguu mmoja mbele, ukoko ukapasuka, na miguu yote ya mbele ikaingia. Akajitupa ajinasue, ya nyuma nayo ikazama. Chini ya ule weupe kulikuwa na tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Ndani ya muda wa kusema bismillahi mara tatu, lilikuwa limemfika tumboni.

Nikavuta kamba. Nikazama mimi hadi mapajani. Punda alinitazama kwa jicho moja lililotoka nje, akitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

"Lala kifudifudi!" Mwajuma alipiga kelele kutoka ukingoni. "Wifi, usipige miguu! Lala kama unaogelea!"

Nikalala. Nikajikokota kwa viwiko mpaka penye ugumu, nimechubuka kifua kizima. Yeye alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea bomani. Yule mwoga wangu alikimbia na jua lile, kwenye miiba ile, hakusimama hata mara moja. Mimi nikarudi kifudifudi karibu na punda, nikamshika kichwa asikilaze kwenye tope. Nikakaa hivyo, nikilia.

Udareda alikuja na wanawe wawili na wake zao, wamebeba ngozi za ng'ombe, matawi na kamba. Nilitegemea matusi. Aliniuliza, "Umevunjika?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya. Toa mzigo."

Mwanangu, hapo ndipo utajua moyo wa binadamu ulivyo. Punda anakufa, na mimi mkono umeshika gunia. Nikasema, "Mama, tukimvuta kwanza hivi hivi, labda chumvi..."

Alinitazama. "Wewe umekuja kutafuta chumvi au umekuja kuniulia punda? Mimina. Mkono wako wewe."

Nikachukua kisu, nikapasua gunia, nikamimina. Nikapasua soji zote mbili. Kazi ya siku nzima ikarudi ziwani ilikotoka. Wakatandika ngozi na matawi, wakapitisha kamba chini ya tumbo la punda, na tukavuta. Tulivuta mpaka viganja vikatoka damu. Mvua ikatukuta tukivuta. Kila alipopanda kidogo, mtu mmoja alisukuma matawi chini yake asirudi. Wana wa Udareda waliimba wimbo wao wa kuvuta, na mimi nisiyeujua nikaitikia vilevile. Jua likielekea kuzama punda alitoka, akalala ubavu, anatetemeka. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba. Hakuweza kusimama.

Wakambeba kwa miti mpaka bomani. Nikamwambia Mwajuma aende nyumbani asubuhi, amweleze kaka yake yote, asipunguze kitu. Lakini kabla hajaondoka nilimshika mkono. Nilikuwa na deni la kumwomba radhi. Kuvuta punda kulikuwa rahisi zaidi, nakwambia kweli.

"Wifi," nikasema, "jana nilikutukana. Wewe ndiye uliyeona, mimi ndiye kipofu. Nisamehe."

Alikifunga upya kitambaa chake. Kisha akasema, "Lile la kuposwa liliniuma."

"Najua. Ndiyo maana nililisema. Nilitaka likuume ili uninyamazie."

Akapangusa macho. "Nimekusamehe. Lakini usirudie."

Sijarudia. Tumeishi jirani miaka mingi baada ya hapo, yeye na mumewe na watoto wake sita, na sijarudia.

Asubuhi hiyo hiyo nikamwendea Udareda. Wazee wetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani mzigo wa mwingine mtu huuona mwepesi. Mimi sikutaka kuuona mwepesi. Nikamwambia, "Mama, nimekukata miguu. Mpaka punda asimame, miguu yako ni mimi." Akanipa debe na vibuyu viwili, akanionyesha njia kwa kidole, basi. Hakusema asante. Na kwa nini aseme?

Nikaanza. Debe kichwani, vibuyu mgongoni. Punda alikuwa akileta kwa safari moja kile nilichokileta mimi kwa tatu. Siku ya kwanza nilimwaga nusu njiani. Siku ya tatu shingo haikugeuka. Kila nikirudi nilikaa na yule punda, nikimkanda mguu kwa samli ya moto, nikimkatia majani. Mwanzoni aliona mkono wangu akageuza kichwa. Sikumlaumu.

Siku ya tano Jumanne akaja. Amekonda, anategemea fimbo, homa imemwacha juzi tu. Alinikuta njiani na debe.

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Watu Katesh wanasema mke wa Jumanne amekuwa mtumishi wa Wabarbaig."

"Waambie ni kweli," nikajibu. "Sijamaliza."

"Na duka?"

"Duka halina chumvi kwa sababu yangu. Boma hili halina maji kwa sababu yangu. Duka litangoja. Kiu haingoji."

Akalitazama debe kichwani mwangu, nikasema moyoni, sasa atanipa talaka yangu hapa hapa porini. Akaweka fimbo chini ya kwapa, akanyoosha mkono, akachukua kibuyu kimoja. Tukaenda naye polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Alikaa siku mbili, kisha akarudi dukani kuuza tumbaku na viberiti.

Siku ya kumi na moja punda alisimama. Siku ya kumi na nne alitembea hadi chemchemi mtupu, mimi nimebeba maji kando yake. Siku ya kumi na saba Udareda mwenyewe alimpakia vibuyu viwili vidogo, akamfuata nyuma akiangalia mguu. Punda alipofika navyo, yule mama alikuja akaninyang'anya debe.

"Nenda kwa mume wako," akasema.

"Mama, bado anachechemea."

"Atachechemea mpaka kufa. Na wewe utakumbuka mpaka kufa. Hiyo sawa." Kisha akanishika shingo hapa, palipoota sugu, akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Watu wengi wamenivunjia vitu. Wote wamesema pole. Wewe umesema pole kwa shingo."

Nilipita kwato kwa kwato hadi barabarani. Mwaka ule tuliishi kwa tabu, tukauza hata mlango wa stoo. Kiangazi kilichofuata nilirudi Balangida, mimi na Mwajuma, na Udareda akatuazima punda yule yule. Akamtoa bila kurudia maagizo. Alijua nimeyasikia.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninalotaka ulichukue. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo umelisikia shuleni. Lakini wakati mwingine guu linalovunjika si lake. Ni la aliyemwamini. Kwa hiyo, ukiwa na haraka, jiulize ni mgongo wa nani umeubebesha haraka yako. Mwenzio akikuonya, usitafute kidonda chake ukakibonyeza ili anyamaze. Na ukikosa, maana utakosa, usikimbilie nyumbani kujificha, wala usitosheke na neno la mdomoni. Uliza, "Nimempunguzia nini mtu huyu?" kisha kuwa wewe hicho kitu, mpaka akwambie imetosha. Shingo itauma. Watu watacheka. Beba.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia kabla ya tope, na akikujaalia kuzama, akupe mtu wa kukimbia kukuitia msaada. Akupe shingo ngumu ya kazi na ulimi laini wa kuomba radhi. Miguu yako ipite penye ardhi imara, na wanaokuazima vyao wavione vikirudi. Amina, mwanangu. Nenda salama.