Difu Niliyoifunga Kinyume

Mimi ni fundi wa magari hapa Makongeni, mwanamke pekee kwenye karakana yetu ya jua kali, na magari yanayowashinda wengine huletwa kwangu. Mwezi uliopita Mzee Wafula, mwalimu mstaafu wa Donholm, aliniletea gari lake la michezo la zamani, ambalo halikuwa limetembea tangu mkewe afariki. Nilibadilisha springi na bushi zote, kisha nikafungua difu inayozungusha magurudumu ya nyuma, nikaweka gia mpya. Wenzangu walinishauri nisome kwanza kitabu cha gari. Niliwaambia kitabu ni cha wanafunzi.

Jumamosi walikuja wote kutazama. Mzee, akiwa amevaa suti, aliketi kando yangu. Nikatia gia ya kwanza, nikaachilia klachi. Gari likaondoka kwa ulaini wa ajabu, likirudi nyuma.

"Binti yangu, umeweka rivasi," mzee akasema.

"Hapana, mzee. Hii ni namba moja."

Nikatia namba mbili. Tukarudi nyuma kwa kasi zaidi. Hapo nikajua nimefunga gia za difu kinyume.

Nikatia rivasi. Tukaenda mbele vizuri kabisa, tukawapita mafundi walioinama kwa kicheko, na mzee akawapungia mkono.