Seva Tatu Ndani ya Sanduku Moja

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kazi ambazo zamani zilikuwa za serikali peke yake sasa zilifanywa na yeyote mwenye mtaji na moyo. Bosi wangu, mtu wa mjini ambaye ukoo wake ulifanya biashara tangu enzi za misafara, aliacha duka la vitambaa akaanzisha kampuni ya kuchimba visima. Ofisi ilikuwa mtaa wa Kikuyu, mjini kwetu, vyumba viwili na kibaraza, na mchana upepo ulileta vumbi mpaka ndani ya vikombe vya chai. Tulikuwa watatu: yeye, mpimaji wa maji, na mimi, binti wa kompyuta.

Mpimaji alikuwa Mgogo mrefu, mpole, asiyependa kukaa kitini. Alikwenda vijijini, akachoma vyuma ardhini, akapitisha umeme, na namba alizozipata zikamwambia kama chini kuna maji matamu au ya chumvi. Kwetu hayo mawili hukaa jirani. Unasogea hatua mia tu na maji yanabadilika ladha. Nilipenda kumsikiliza akieleza. Niliyaona yale maji kichwani, yamelala gizani chini ya miguu yetu, nami nikasahau nilichokuwa nachapa.

Labda ndiyo maana nilizipenda seva pepe. Nilijifunza kwenye kozi Dar es Salaam: unachukua kompyuta moja yenye nguvu, unaigawa kwa programu, nayo inajiona kompyuta tatu. Ya kwanza niliipa vipimo, ya pili ramani, ya tatu barua. Hazikuwa na mwili, lakini mimi niliziona kama vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake, na nikifumba macho niliweza kutembea humo. Bosi aliponiuliza, "Binti, hivi vitu vyako viko wapi hasa?" nilimwonyesha sanduku jeusi chini ya meza, naye akacheka mpaka kofia ikataka kumdondoka.

Niliandika mpango wa akiba, kurasa nne, nikaubandika ukutani. Kila Ijumaa, bosi akiwa msikitini, nilinakili seva ya kwanza ndani ya ya pili, ya pili ndani ya ya tatu, na ya tatu ndani ya ya kwanza. Mwanzoni nilinakili pia kwenye diski ndogo ya nje, nikaibeba hadi kwangu Ipagala na kuiviringisha kwenye khanga kabatini. Lakini hiyo ilikula mchana mzima, na ile ya ndani ilikwisha kabla chai haijapoa, basi ya nje nikaiacha. Nilijiambia nimejikinga vya kutosha. Nilikuwa na kiburi, tena kiburi cha mtu anayeota mchana kweupe.

Mpimaji alikuwa na madaftari yake. "Dada, mimi karatasi inanitosha," alikuwa akisema, nami nikamkalia kooni wiki baada ya wiki. "Mashine haisahau, kaka." Mwishowe akakubali, kwa kuwa hakuwa mtu wa ubishi. Akawa anaandika vipimo kwa penseli kwenye kipande chochote cha karatasi, anaviingiza kwenye seva, kisha kipande anakitupa.

Kiangazi kile alikwenda kijiji kimoja kusini ya mji. Wanawake wa huko walichota maji kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Alipima sehemu mbili, akaacha kigingi kwenye kila moja, akarudi na furaha. Mahali pamoja, alituambia, pana maji matamu kabisa. Mahali pengine ni chumvi tupu. Hatukumuuliza ni kigingi kipi; aliingiza vipimo vyake, karatasi akaitupa. Baada ya wiki mbili akashikwa na homa, na kabla hatujaelewa anaumwa nini, tukamzika.

Siku nne kabla ya mtambo wa kuchimba kwenda kule, umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Sanduku likatoa harufu ya kuungua. Seva zote tatu zilikufa pamoja, kila moja na nakala ya mwenzake tumboni. Vyumba vilikuwa vitatu kichwani mwangu tu. Nilikaa sakafuni, nimejichukia.

Nikaenda Ipagala kwa miguu, nikaichukua ile diski. Bosi aliazima kompyuta kwa jamaa yake mwenye stesheneri, na nakala ikafunguka bila tatizo lolote, jinsi mpango wangu ulivyoahidi. Ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa mpimaji: "Dada, Jumatatu naenda kule kusini. Nikirudi nitaingiza vipimo." Ndani ya seva ile alikuwa mzima, anajiandaa na safari. Nilitamani kumjibu pale pale, chini ya maneno yake, kwamba karatasi asiitupe. Nilitazama muda mrefu, nikiwa na raha ya ajabu ambayo sijaipata tena, mpaka nikakumbuka kwamba humo ndani kile kijiji kilikuwa bado hakijapimwa.

Mtambo ulikuwa wa kukodi na haukuweza kungoja. Michango ya kijiji ilitosha shimo moja tu. Njiani bosi alisema kwa sauti ya chini, "Tutachagua kigingi kimoja, binti. Mungu atatusaidia."

"Mbukwenyi!" wanakijiji walitusalimu tulipofika. Wanawake walikuwa wamekuja na ndoo zilizosuguliwa zikang'aa. Vigingi vyote viwili vilikuwa vimezungushiwa miiba, kama wanavyozungushia maboma ya ng'ombe, mbuzi wasije wakaving'oa. Havikuwa na tofauti yoyote. Mpimaji alikuwa amewaambia kwamba siku ya kuchimba, watu wa ofisini watakuja na jibu.

"Haya mwanangu," akaniambia mama mwenyekiti wa kamati ya maji, "ni hapa au pale?"

Bosi alinitazama. Dereva wa mtambo alikuwa bado hajazima injini.

"Shikamoo mama. Sijui," nikasema. "Vipimo nimevipoteza mimi. Itabidi tupime upya, na mtambo leo unarudi mjini."

Akaangaza macho nyuma yetu. "Na yule baba mrefu? Si yeye aliyepima? Mbona hamkuja naye?"

"Alifariki, mama."

Akageuka, akawaeleza wenzake kwa Kigogo. Ndoo zikawekwa chini, moja baada ya nyingine. Wakaja kwa zamu, wakanishika mikono, wakanipa pole ya msiba kama mtu aliyefiwa na kaka yake. Nililia kwa aibu. Nilitaka wanigombeze, na hakuna aliyetaja maji. Walipomaliza walijitwisha ndoo zao tupu, wakashika njia ya korongoni.