Orpha na Kitufe cha Redio

Orpha alizaliwa Isangi, lakini alikulia Kisangani, katika commune ya Mangobo, mmoja wa mitaa ya mji huo, kwa sababu ya kazi ya baba yake. Papa Carlos alikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo ya mjini. Kila asubuhi alisoma habari ambazo watu wa mtoni walikuwa wakitumiana: mama fulani kajifungua mapacha, fulani kafika na mzigo wake wa samaki, mjomba fulani anaulizwa atarudi lini. Simu zilipoenea, wengi walidhani kipindi kitakufa. Hakikufa. Vijiji vingi havikuwa na mtandao, halafu watu walikuwa wamezoea kusikia majina yao yakitamkwa na sauti ile nzito isiyo na haraka.

Orpha alisomea informatique, elimu ya kompyuta. Alipomaliza, alikodi chumba karibu na soko kuu pamoja na rafiki yake Nadège, wakawa wanawatengenezea watu site za mtandaoni: leo duka la saruji, kesho parokia. Site ya redio aliitengeneza bila kuombwa na mtu. Kaka yake, Franck, alikuwa amehamishiwa Kindu kikazi, na kila walipozungumza alilalamika kwamba amesahau jinsi baba yao anavyosalimia watu asubuhi.

Kitufe cha kusikilizia kilimpa kazi kidogo. Redio ikicheza ndani ya ukurasa uleule, mtu akienda kusoma habari nyingine sauti inakatika. Basi akaandika mistari michache ya JavaScript: ukibofya "Sikiliza", kivinjari kinafungua onglet mpya, yaani ukurasa mwingine pembeni, redio inacheza huko, nawe unaendelea kusoma huku. Ilikwenda vizuri tangu siku ya kwanza, akaacha kuiwaza.

Mwaka jana sauti ya Papa Carlos ilianza kukwaruza. Mwanzoni alisema ni vumbi la kiangazi. Mvua zikaja, sauti ikazidi kuharibika, hadi siku moja ikakatika kabisa katikati ya tangazo. Daktari alimweleza wazi kwamba ana uvimbe kooni, lazima apasuliwe, na hakuna wa kumhakikishia kwamba sauti itarudi. Papa Carlos alimsikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani kula. Baada ya kula ndipo alimwambia binti yake, "Siku ya posho nitaaga watu. Kiisha nitaenda kupasuliwa."

Franck hakupata nafasi ya ndege. "Bon, ambia papa nitamusikia kwa site yako," alisema.

Maneno hayo yalimtia Orpha wasiwasi. Njia ya kurushia matangazo mtandaoni ilikuwa na tabia ya kuanguka, kwa hiyo akaongeza ya pili, na akabadilisha kitufe: ukibofya, kwanza kinauliza ni njia ipi iliyo hai, kinasubiri jibu, ndipo kinafungua onglet. Alijaribu kwenye mashine yake mara kadhaa. Kila mara ilifunguka.

Jumamosi asubuhi, siku ya posho yenyewe, Papa Carlos alikaa mbele ya maikrofoni, na Orpha akakaa ofisini na Nadège, redio ndogo ikilia dirishani. Salamu zilikuwa hazijaisha Franck alipopiga simu.

"Orpha, niko nafinya, hakuna kitu inafunguka."

"Finya tena, Yaya," Orpha alimwambia kaka yake.

"Nimefinya mpaka kidole inauma! Ukurasa iko tu palepale."

Orpha alibofya kwenye mashine yake. Ikafunguka. Nadège akajaribu kwenye simu yake mwenyewe: kimya. Halafu, juu kabisa ya kioo, kikaja kijistari kidogo kusema kwamba dirisha limezuiwa.

"Mashine yako umeiruhusu zamani ifungue kila kitu," Nadège alisema. "Za sisi wengine hazijaruhusiwa."

Hapo Orpha akaelewa. Kivinjari hukubali kufungua onglet mpya pale tu kinapojua ni mkono wa mtu ulioomba. Ukikisubirisha, kama mtandao mzito wa Kindu ulivyokisubirisha, kinausahau ule mkono. Onglet inayokuja baadaye kinaiona kama tangazo la biashara linalojipenyeza, na kinalifungia mlango.

Alimtumia Franck anwani ya moja kwa moja ili asikose zaidi. Lakini ujumbe ulikuwa umeanza kumiminika: jirani wa zamani aliye Bukavu, wanafunzi walioko Kinshasa, mama mmoja wa Yanonge anayeishi Ulaya. Wote walibofya, wote wakakwama. Orpha akainamia kompyuta. Akageuza mpangilio: kubofya kufungue onglet tupu papo hapo, mkono ukiwa bado unakumbukwa, jibu likija, onglet hiyohiyo ielekezwe kwenye redio. Alikosea mabano, akasahihisha, akapakia. Nadège akabofya kwenye simu yake. Ukurasa mweupe ukatokea, na muda si muda sauti ya Papa Carlos ikatoka humo.

"Iko inaenda!" Nadège alipiga makofi.

Orpha alipoinua kichwa, redio ya dirishani, ambayo huitangulia ile ya mtandaoni kwa nusu dakika hivi, ilikuwa inapiga muziki. Kipindi kilikuwa kimekwisha.

Franck alipiga tena, sauti yake imelowa machozi. "Ulisikia vile papa amesema juu yako?"

"Sikusikia kitu, Yaya. Nilikuwa natengeneza."

Franck akamsimulia. "Alisema kazi ya kufikisha sauti za watu, yeye alianza, na mutoto wake iko naendelesha. Kiisha akakuita jina yote, ile ya tate, babu yetu."

Orpha alikuwa amekaa mita chache tu kutoka kwenye redio, na mtu wa Kindu ndiye aliyemletea maneno ya baba yake. Alilia kidogo, Nadège akamwachia chumba.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila sauti ilirudi nusu, nyembamba kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Kipindi kilichukuliwa na Viviane, msichana mwenye maneno ya haraka ambaye wazee wa mtoni bado wanamlalamikia. Wengine walilalamika pia kwamba ukurasa mweupe unawatisha, wanaufunga kabla redio haijaanza, Orpha akaandika juu yake, "Subiri kidogo, tunafungua." Siku hizi hagusi kitufe chochote kabla hajaazima simu za watu watatu wanne kujaribia. Papa Carlos huja ofisini asubuhi, anaketi, anamsikiliza Viviane, na akisikia jina la kijiji limetamkwa vibaya, anamnong'oneza Orpha ampigie Viviane simu kumsahihisha.